Tunakwenda Dodoma kupumzika au kuzungushwa nyumba za ndugu?

Dada, salamu kutoka Singida. Swali langu nalitoa mapema ili nisikuchoshe: mtu anapumzikaje siku mbili katika mji ambao mume wake ana ndugu kila mtaa, tena wakati wa sikukuu, asinuniwe mwaka mzima?

Mwaka huu Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya tarehe 8 Agosti, imeangukia Jumamosi. Mimi na mume wangu tuna duka la vifaa vya ujenzi, na wenye maduka wenzangu wanajua kuwa kazi hii haina likizo. Tukakubaliana kwamba safari hii tunafunga. Ijumaa tunapanda basi na watoto, tunalala Dodoma hadi Jumapili, kisha tunarudi. Watoto ni watatu: binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 8 na kitindamimba wa miaka 3.

Nilichotaka mimi ni kidogo sana. Kuamka bila kengele ya simu. Kunywa chai ambayo sikuipika. Jioni twende Nyerere Square, watoto wakimbie mpaka wachoke, sisi tumekaa tu tunawaangalia. Tutembee kwa miguu pale katikati ya mji, wauone Msikiti wa Gaddafi na lile kanisa kuu la Anglikana lenye kuba, usiku tule nyama choma. Zabibu lazima, maana Agosti ndiyo zinaanza kuvunwa kwa mara ya pili katika mwaka. Kwa mtu aliyechoka Dodoma inatosha hapo, na nasema hivyo kwa kuisifia. Ni mji mpana, hausukumani, na jioni kuna kaubaridi ka kuvalia sweta.

Basi mume wangu akaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao: “Nane Nane tupo huko na familia.” Hakuongeza neno. Kabla ya isha wikiendi yetu ilikuwa imeshagawanywa. Wifi mkubwa anayekaa Kisasa akachukua chakula cha mchana cha Jumamosi. Shemeji wa Nkuhungu akasema mnalala kwangu, msiniletee habari nyingine. Wa Ilazo wana mtoto mchanga ambaye hatujamwona, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada tupite. Anayeijua Dodoma anajua Nkuhungu iko wapi na Kisasa iko wapi. Huo ni mji mzima, unaukata kwa bajaji na watoto watatu magotini.

Halafu mtu wa Singida haendi kwa watu mikono mitupu. Wameshataja wenyewe: dumu la mafuta ya alizeti hapa, kuku wa kienyeji pale. Mmoja ameandika kabisa, “Kuku awe jogoo.” Nikipiga hesabu ya madumu, kuku na bajaji, hiyo safari ya kulala bure kwa ndugu inazidi bei ya lodge.

Kulala ndiko tulikokwama mimi na baba watoto. Yeye anasema, “Nilale lodge wakati kaka yangu ana nyumba? Watasema nimeoa mwenye maringo.” Namwelewa. Lakini nyumba ya shemeji ina vyumba vitatu na watu wanane, nasi tutalala sebuleni wanapopita watu wote. Na mimi ni mke wa mdogo mtu pale. Siwezi kukaa kwenye kochi nikabofya simu wakati mke wa mkubwa yuko jikoni anasonga ugali na kupika mlenda wa watu 13. Nitaamka saa kumi na moja kama nyumbani, tofauti ni kwamba huko sitajua chumvi inakaa wapi.

Nikaanza kutafuta lodge kwa simu. Nilidhani itakuwa rahisi kwa sababu Bunge la bajeti huisha Juni na wabunge huwa wameshaondoka. Wapi! Wenye mabanda ya maonesho wanaingia kabla ya tarehe 1 na hawatoki mpaka tarehe 8 ipite. Sehemu mbili niliambiwa pamejaa, nyingine bei ilikuwa mara mbili ya ile niliyoizoea. Mwishowe nimepata vyumba viwili Area C, meneja mwenye lugha nzuri, ila anataka nusu ya pesa kwanza ndipo aniwekee.

Kuhusu maonesho yenyewe, sina ugomvi nayo. Binti yangu anapenda mifugo, mume wangu anataka kuangalia mashine za kukamua alizeti, na kwenye viwanja vya maonesho vya Nzuguni vyote viko. Shida ni tarehe 8. Ndiyo kilele, viongozi wanakuja, watu wanatoka mikoani. Stendi kuu ya mabasi nayo iko hukohuko Nzuguni, wenyeji wanaiita Nanenane, kwa hiyo wasafiri na watazamaji wanagombea barabara moja ya Dar. Ongeza upepo wa Agosti na vumbi lake. Kitindamimba ana pumu. Mwaka juzi tulikwenda maonesho ya hapa mkoani, madogo tu, tukaishia zahanati usiku.

Wazo langu ni hili: niwaombee watoto ruhusa shuleni, Ijumaa tuondoke Singida asubuhi na mapema. Ni kama kilomita 240, mchana tunakuwa stendi. Mume wangu na wakubwa wawili waingie maonesho palepale, mimi na mdogo na mabegi tutangulie lodge. Saa kumi na mbili wawe wamerudi, na Jumamosi mtu asinitajie Nzuguni. Mume wangu anasema Nane Nane ya Ijumaa si Nane Nane. Wasomaji mnaokaa Dodoma, nisaidieni hapa: Ijumaa ile hakuna cha kuona kweli?

Mvulana wangu yeye hana habari na ng'ombe. Anataka treni. SGR ilizinduliwa rasmi Agosti 2024 na kwa watoto wa Singida bado ni kitu cha kwenye televisheni. Nimemwambia tutampeleka stesheni aione ikiingia. Akanijibu, “Mama, kuiona nimeshaiona.” Na ana haki. Lakini kuipanda maana yake ni kwenda mpaka Morogoro na kurudi, nusu siku imeliwa, na siku za sikukuu tiketi zinaisha mapema mtandaoni. Ingekuwa nauli tu ningefumba macho, maana wa chini ya miaka 4 halipi na hao wakubwa wawili wanalipa nusu. Baba yake alivyo, akapendekeza Jumapili asubuhi tuende Morogoro, tugeuze, jioni tupande basi la Singida. Huyohuyo siku iliyopita alisema tukifika Dodoma tusogee na Kolo, Kondoa, tukaone michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kolo! Zaidi ya kilomita 150 kutoka Dodoma mjini, halafu unapanda kilima. Na mawe tunayo Singida mpaka tumeyachoka.

Sasa nije kwenye linaloniumiza kichwa hasa. Mama mkwe anakaa Chamwino. Katika kelele zote za kundi yeye hakudai chochote, hata simu yake ni ya tochi. Alimtuma mjukuu aseme tu kwamba karanga zimetoka na amewawekea watoto. Dada, huyo siwezi kumkwepa wala sitaki. Nilipojifungua mtoto wa pili alikuja Singida akakaa nami mpaka nikasimama. Ila Chamwino iko barabara hiyohiyo ya Dar, mbele ya Nzuguni. Kwenda kwake Jumamosi ni kupita katikati ya msongamano ule mara mbili, kwenda na kurudi.

Nimewaza hivi. Ijumaa tukiwa stendi, mjukuu amlete bibi kwa gari la asubuhi, tukutane naye, aje alale nasi Area C, chumba kimoja na wajukuu wa kike na mdogo. Jumamosi saa kumi jioni tuchague sehemu moja ya nyama choma yenye uwanja wa watoto, tuwaambie ndugu wote: mama yupo hapa, na sisi tupo hapa, karibuni. Wa Kisasa aje, wa Nkuhungu aje, kichanga kiletwe kibebwe na bibi yake. Madumu ya mafuta wayachukue hapohapo. Jumapili baada ya ibada tumrudishe mama Chamwino barabara ikiwa imetulia, tule karanga, tugeuze.

Mume wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akatoa pingamizi mbili. Ya kwanza, ukiita watu kwenye nyama wewe ndiye unayelipa, na ukoo wao si wa kilo mbili. Hilo nimelikubali, tutatoa kwenye pesa ya treni, mwanangu anisamehe. Ya pili ndiyo nzito. Anasema mama yake hajawahi kulala gesti maishani mwake, na kwamba watu wa kijijini wakisikia mwanawe amempeleka mama gesti wakati ana wanawe wenye nyumba mjini, wataongea. Nimemwambia siku hizi lodge ni za familia, kuna hadi kitanda cha mtoto. Ananijibu kuwa mimi naijua lodge, wao wanalijua neno gesti. Wifi mkubwa naye hajaambiwa, na nina hakika ataona nimemnyang'anya chakula chake cha Jumamosi na mama yake kwa mpigo.

Kwa hiyo naomba ushauri kwako dada, na kwa wenye umri wa wakwe wanaosoma hapa. Nyinyi mngelipokeaje, mkwe akiwaita mlale naye lodge? Mngeona heshima au mngeona aibu? Na je, niende mwenyewe kwa wifi kwa simu, nimwombe yeye ndiye achague sehemu ya nyama na awe mwenyeji wa siku ile, au nitakuwa namchokoza? Ujumbe wa kundini mume wangu anataka niandike mimi kwa kuwa wazo ni langu. Mimi naona ndugu ni zake, aandike yeye.

Kama inawezekana nijibu kabla ya Jumatano. Yule meneja wa Area C mambo ya ukoo hayamhusu, anasubiri nusu yake.

Mama wa watatu,
Singida