Maji moto sawa, ila vidonge visiachwe

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niongee na wenzangu wa huku Dodoma na Singida kuhusu hizi safari za kupeleka wagonjwa wa baridi yabisi kwenye chemchemi za maji moto, na zile pakiti za chumvi wanazouziwa eti za kuponya viungo, na wengine wanaambiwa waache dawa za hospitali.

Mimi maji moto siyapingi jamani. Dada yangu anaumwa, asubuhi vidole vimekakamaa hata kifuniko cha dumu hafungui, hasa hii miezi ya sita na saba upepo wa huku ukikaza, na akitia mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu misuli inalegea, anashika kazi zake. Ukizama mwili mzima ndo raha zaidi, maji yanakubeba na magoti yanapumzika.

Shida inaanzia kwenye hiyo hiyo raha. Maji yanakupa nafuu leo leo, ila dawa ya baridi yabisi kama methotreksati, vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, inachukua wiki 6 mpaka 12 ndo uone kazi yake, sasa mtu akilinganisha anaona maji ndo yanatibu, vidonge anavitupa kabatini. Na huku nyuma kinga ya mwili wake inaendelea kushambulia viungo kimya kimya, inakula mfupa, vidole vinapinda na vikishapinda havinyooki tena. Wenzetu Ulaya wana mabafu ya madini miaka mingi, na mwaka 2015 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walikusanya majaribio 9 yenye wagonjwa 579, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kuoga huko kunashinda matibabu mengine. Huyu wa huku anayekwambia acha dawa, ushahidi wake kaupata wapi?

Wanaopeleka watu waambieni waje na vidonge vyao. Na wewe mgonjwa nenda kaoge, ila sio siku kiungo kimevimba na kinawaka, na kama una presha au moyo muulize daktari kwanza, chemchemi nyingine zinaunguza kabisa. Methotreksati ni mara moja kwa wiki, kumeza kila siku ni hatari kubwa, hili naona wengi hawaambiwi vizuri. Nauli ikikosekana beseni la nyumbani linatosha, hela iende kliniki.

Mhariri, mtutafutie basi daktari wa viungo ajibu maswali yetu hapo gazetini.

Msomaji wenu,
Kizota, Dodoma