Tafuta jumuiya ya hapo mtaani kwako

Mwanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Huku Moro sie wazima, mdogo wako anakusalimia sana. Uliponiambia kwenye simu kwamba hapo Dodoma misa unaenda kila Jumapili ila jumuiya, ile ya majirani Wakatoliki wa mtaa kusali pamoja majumbani, bado, afu eti wapangaji wa hiyo nyumba hata salamu hakuna kila mtu na mlango wake, roho iliniuma nikaona nikuandikie kabisa.

Kusali parokiani ni vizuri ila parokia ya mjini misa ya kwanza inatoka ya pili inaingia, ukilala ndani unaumwa nani atajua? Ndo maana maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokaa Nairobi 1973 na tena 1976 wakataka Kanisa lishuke mpaka kwenye nyumba za watu, kama wale Wakristo wa kwanza wa Matendo ya Mitume sura ya 2 waliokuwa wakimega mkate nyumba kwa nyumba. Na mi ninachokipenda ni kwamba jumuiya huchagui wa kukaa nao, unaingia ya mtaa unaoishi bas, mwenye nyumba na mpangaji wake wanasoma Injili moja na wiki ijayo mnahamia kwa muuza mkaa, zamu yake imefika.

Msiba wa baba yako we ulikuwa bado mtoto labda hukumbuki. Alfajiri ile ndugu zetu hata gari hawajapanda wanajumuiya walishafika, wa kufunga turubai anafunga, kinamama wameshabandika masufuria ya jumuiya, mhazini yupo na daftari lake la rambirambi, na jirani yetu Mwislamu ambaye kwenye daftari letu hata hayumo akaleta mkeka wake akalala na mimi ndani mpaka tukazika. Mimi wakati huo hata chumvi ilipo nilikuwa sijui, nilikuwa naulizwa kitu natazama tu.

Najua vijana mnalalamika jumuiya ni michango, na kweli wapo viongozi mtu akidaiwa wanamnyima barua ya kubatizia mtoto, hilo silipendi na kikaoni nimelisema wazi. Ila mkikimbia nyie wasomi, daftari watabaki nalo haohao, we nenda, jitolee hata kusoma somo, na mama wa chumba cha pili mgongee mwambie hodi hata kama yeye anasali kwingine.

Oktoba ndo hii inakaribia, rozari itatembea nyumba kwa nyumba, omba na chumbani kwako ije. Kadogo sio shida, watakaa mpaka koridoni.

Barua ya utambulisho katibu wetu ameshaandika na muhuri wa parokia upo, naituma na basi la kesho asubuhi pamoja na unga na dagaa, uwahi stendi kuipokea. Ukifika umpe mwenyekiti wa hapo mkononi, usimtumie picha.

Mama yako