Soma onyo kabla hujafungua hadithi

Lamu, Alhamisi usiku

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Boti ya kwenda Mokowe ni Jumamosi alfajiri, na kesho nyumba itajaa shangazi zako, sitapata nafasi ya kusema nawe peke yetu. Ndiyo maana naandika. Usiifungue barua hii mpaka basi liondoke.

Neno langu ni moja, na ni lile lile la hadithi zako za mashabiki, zile ambazo watu hutunga juu ya wahusika wa hadithi za wengine. Usikunje uso. Sikukatazi kusoma. Nataka ujue kuchagua, kwa sababu huko Eldoret utakuwa na simu yako usiku kucha, na mimi sitakuwa ng'ambo ya pazia nikikusikia unavyogeukageuka kitandani.

Ya mwezi wa Rajabu wayajua, siyarudii. Siku tatu mtu hali, hasemi, kwa ajili ya hadithi. Tangu wakati huo nimekuwa nikijiuliza uliingilia mlango gani. Basi nimejifunza. Binamu yako alinikalisha baada ya Isha, akanifungulia hiyo Archive of Our Own, tovuti unakozisoma, kwenye simu yake, nikavaa miwani nikaisoma pole pole. Kumbe juu ya kila hadithi mwandishi huandika inafaa watu wa umri gani, na kama ndani mna mauaji ya kutisha, au mhusika mkuu anakufa, au mna mtu anayenajisiwa. Yameandikwa pale pale, kabla ya sura ya kwanza.

Lakini kuna maneno mawili pale yaliyofanana kama mapacha, na kwa haraka zako najua uliyafanya kitu kimoja. La kwanza lasema hakuna onyo linalohusika. La pili lasema mwandishi ameamua kutotoa onyo. Hilo la pili halikuambii kwamba ndani mna amani, mwanangu. Lasema: sikwambii. Mtu akikuletea bakuli limefunikwa, ukamuuliza mna nini, akajibu "sikwambii", utatia mkono? Pengine mna tambi za sukari. Lakini usitie mkono saa saba za usiku, peke yako, katika mji usio na mtu wako.

Na ujue hakuna anayezipitia hadithi hizo kabla hazijawekwa. Umri na onyo huviandika mwandishi mwenyewe. Kwa hiyo hata palipoandikwa kwamba hakuna onyo, telemka chini kidogo usome waliotangulia kusoma wamesema nini. Mmoja wao akiumia, husema.

Jambo jingine ni pongezi, kile kitufe msomaji anachobonyeza akipenda hadithi. Wewe wachagua kwa hesabu: yenye pongezi nyingi ndiyo yako. Nimeuliza nikaambiwa kila msomaji hutoa pongezi mara moja tu kwa hadithi nzima. Aliyesoma sura moja akafurahi na aliyezimaliza zote arubaini wanahesabiwa sawasawa. Na hadithi iliyokaa pale miaka kumi imepitiwa na watu wengi kuliko iliyowekwa juzi, ijapokuwa ya juzi ni nzuri zaidi. Hesabu hiyo haikutoshi.

Fanya kama unavyonisaidia kununua sokoni kofia za kushonwa kwa mkono. Ajuaye kofia haangalii nje. Huigeuza akatazama ndani uzi umefungwaje, na vile vitobo kama vimeshonwa sawa mpaka nyuma au fundi alichoka njiani. Na hadithi igeuze. Soma ule muhtasari: asiyeweza mistari mitatu bila kukosea jina la mhusika wake, sura arubaini ataziwezaje? Kisha ruka mpaka katikati, usome ukurasa mmoja. Mwanzo kila mtu huuremba. Na ukimpata mwandishi unayemwamini, tazama yeye mwenyewe ameweka alama hadithi gani za wenzake. Mwenye mkono mzuri mara nyingi ana jicho zuri.

Zile zilizoandikwa sura 17 kisha alama ya kuuliza, na mwenyewe hajazigusa miaka minne, waachie wengine. Umelia mara ngapi kwa hadithi ambayo mwenyewe ameitupa? Pana mahali pa kuchuja zibaki zilizokamilika tu. Chuja.

Mjomba wako angali akisema kuandika juu ya watu wa hadithi ya mwenzio ni wizi. Nimemjibu, na nilifurahi kumjibu. Muhammad Kijumwa, mtu wa hapa hapa Amu, alipotunga utendi wa Fumo Liyongo, shujaa wa kale, mwaka 1913, Liyongo hakuwa wake. Aliwakuta wazee wakimsimulia, na wazee walimkuta kwa wazee wao. Mjomba alinyamaza. Nilimwambia pia kwamba mwanangu husoma kuliko watoto wote wa mtaa huu na ndiyo maana anakwenda chuo. Hilo sikukwambia wewe, nimemwambia yeye. Nilipaswa kuanza na wewe.

Lakini sufuria mbili za wali zimeungua kwa simu hiyo, na bibi yako hajasahau.

Bibi mguu umepungua kuvimba. Asema ukifika umpigie yeye kwanza, mimi baadaye. Ile chokaa ya ukuta wa ua imeanza kubanduka tena na fundi ataka pesa kabla ya kazi, nimemwambia angoje. Punda wa baba yako bado achechemea. Blanketi la kijivu lichukue, usione haya, Eldoret si Lamu.

Na daftari lako jekundu liko mkobani, chini ya leso. Halikupotea siku ya kupaka chokaa kama nilivyokwambia. Lilikuwa kwenye kasha la bibi. Nililifungua nikidhani nitakuta jambo la kutisha, nikakuta hadithi uliyotunga juu ya Saada, yule kijakazi wa kisa cha Liyongo. Miaka yote nimesikia mama yake Liyongo alivyomtilia mwanawe aliyefungwa tupa ndani ya mkate wa wishwa, askari wa gereza wakaudharau wakaupitisha. Sijapata kumfikiria kijakazi aliyeubeba. Umeandika alivyohisi uzito wa chuma kichwani, na alivyoogopa kutembea polepole na akaogopa kutembea haraka. Nilisoma mara mbili. Kisha niliona haya kulirudisha, siku zikapita, ikawa miezi minane.

Umeishia pale anapofika mlangoni na askari amenyoosha mkono. Nawe waniudhi vile vile, maana nami nimeachwa na alama ya kuuliza. Imalize. Ukiimaliza nitumie kwanza mimi, na kama ndani mna kifo niandikie juu kabisa, nijue kabla sijaanza.

Ukifungua simu usiku, mwanangu, soma onyo. Lile la pili si la kwanza.

Achari ya embe nimeifunga kwa mifuko miwili, ila kifuniko si kizuri. Mkoba usiulaze, mafuta yasije yakafika kwenye daftari.

Mamako