Barua ya wazi kwa vijana wa kamera: msifute wazee wetu

Wanangu mnaotengeneza filamu za makala,

Nawasalimu nyote, mlioko Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar, Mombasa na kokote riziki ilikowapeleka. Nimekasirika, na sioni sababu ya kuwaficha.

Kijana mmoja wa fani yetu, mwenye kipaji ambacho sina shaka nacho, alitengeneza filamu fupi kuhusu reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa Wachina. Ni filamu nzuri. Ndani yake yumo mzee aliyefanya kazi kipande cha Mlimba hadi Makambako, kile cha mahandaki na madaraja marefu, kigumu kuliko vyote katika njia nzima. Mzee anaonekana muda usiotimia dakika. Anasema mvua za kule zilikuwa zikishusha udongo usiku, asubuhi kazi inaanza upya. Kisha anacheka, na kijana akakata hapo hapo. Ukumbi ulipiga makofi, tuzo ikatolewa, mimi mwenyewe nikasimama kumpongeza.

Mzee yule amefariki. Baada ya arobaini, binti yake alimtafuta kijana akamwomba mahojiano yote. Alijua yapo, kwa kuwa siku ile ndiye aliyekuwa akileta chai, na baba yake alizungumza tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alitaja majina ya wenzake waliofia kazini. Alieleza jinsi walivyojifunza kuelewana na Wachina kwa ishara za mikono kabla hawajapata maneno. Aliimba hata wimbo waliokuwa wakiimba wakipanga mataruma. Binti alitaka wajukuu wausikie ule wimbo. Kijana akamjibu kwamba picha ghafi alishazifuta siku nyingi, kwa sababu kadi zilihitajika kwenye kazi ya harusi.

Siwadharau wanaorekodi harusi. Najua harusi ndizo zinazowalipia kodi ya nyumba, na filamu ya makala haijawahi kumshibisha mtu hapa kwetu. Lakini diski ya kuhifadhi asubuhi ile nzima haikuwa gharama ya kumshinda.

Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Aliyekuwa na miaka ishirini siku ya kwanza ya kazi sasa amevuka sabini na mitano. Wamebaki wachache, nao hawatungoji. Wachina waliofia kwenye ujenzi ule wana makaburi yao Gongo la Mboto, yenye majina na yanayotunzwa. Wa kwetu wengi majina yao yamo vinywani mwa wazee tu, na mmoja wa wazee hao aliyataja mbele ya kamera, kamera ikayafuta.

Mtu akikaa mbele ya lenzi yako asubuhi nzima, amekukabidhi amana. Wewe utachukua sekunde chache kwa sababu filamu yako inahitaji hizo tu, na kuchagua ni haki yako, ndiyo kazi yenyewe. Yaliyobaki hayageuki takataka. Ni yake, ni ya watoto wake, ni ya nchi, na wewe ni mtunzaji. Hakuna aliyekupa ruhusa ya kuyatupa.

Mtaniambia kwamba mnarekodi mno, saa na saa za picha, haiwezekani kutunza kila kitu. Basi punguzeni kurekodi. Sisi tulilelewa na filamu ya milimita 16, na roli la futi 400 lilitupa dakika kumi na moja, hazizidi. Kabla ya kuwasha kamera tulikuwa tumeshakaa na mtu kibarazani, tumeshajua mahali hadithi yake inapouma na mahali anaporuka. Na kila kopo lilibandikwa karatasi: tarehe, mahali, jina la mtu, namba ya roli. Leo napewa diski ya kijana nimsaidie kuhariri, naifungua, nakuta faili linaitwa C0047 na jingine C0048. Bibi kizee anazungumza Kimakonde kwa nusu saa. Nikiuliza ni nani huyu, naambiwa "ni bibi mmoja hivi wa kule Newala". Bibi mmoja hivi! Mama yako mzazi angekubali kuitwa hivyo?

Sitaki mniambie haiwezekani, kwa sababu nimeona inawezekana. Kuna binti niliyekuwa naye Nungwi alipokuwa akirekodi mafundi wa majahazi. Jioni wenzake walikwenda kuogelea, yeye alikaa juu ya gogo akiwa na daftari la kaunta lililochorwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza namba ya faili, ya pili jina la fundi na jina la baba yake, ya tatu alichokuwa akifanya: anaziba nyufa kwa pamba na mafuta, anatoboa kwa keke, anapima mkuku. Pale ambapo hakujua chombo kinaitwaje, aliacha nafasi, na asubuhi yake alikwenda kumuuliza fundi kabla hajaanza kazi. Daftari lile lina thamani kuliko kamera yake. Filamu yake haijaenda tamasha lolote bado, na mimi namwambia hadharani kwamba ndiye mwanafilamu ninayemwonea fahari kuliko wengi mnaovaa beji shingoni.

Msidhani ni ukali wa uzee. Haya tumeshayapoteza mara nyingi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa sinema kule Vugiri, milimani Usambara, wakatengeneza filamu 35 kwa ajili ya kuwaonyesha Waafrika. Zilikuwa filamu za kikoloni, zenye dharau zake, lakini waliomo ni mababu zetu, wanatembea, wanalima, wanacheka. Zilizosalia zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nazo hazipo Korogwe wala Tanga, zipo Uingereza. Ukitaka leo picha za usiku wa Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, utaandikia London, watakupa bei kwa sekunde, kwa fedha ya kigeni. Nchi inanunua sura za wazee wake!

Na lawama hii siwatwishi vijana peke yenu. Bara tulianza kutazama televisheni ya kwetu mwaka 1994. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, kanda zilikuwa ghali, basi taarifa ya habari ikishaonyeshwa kanda ileile inarekodiwa mechi, na juu ya mechi inarekodiwa hotuba. Kwingine kanda zilirundikwa chumba kisicho na dirisha mpaka zikaota ukungu, na za filamu zikaanza kutoa harufu ya siki, dalili kwamba zinaoza. Viongozi walikuja wakaenda. Kila mmoja alitaka video ya uzinduzi wake, yenye ngoma na utepe unaokatwa, na hakuna aliyeuliza video ya uzinduzi uliopita iko wapi. Mpaka leo fedha ya kupaka jengo rangi hupatikana upesi kuliko fedha ya kununua mashine ya kukausha hewa ya chumba cha kanda. Tunapenda kusema wazee ni hazina, tunalisema hilo kila msiba, kisha tunarudi nyumbani na kufuta simu ili tupate nafasi ya kupakua vichekesho.

Mtazameni Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya. Ndiye aliyerekodi njaa ya Ethiopia mwaka 1984, picha zikaitikisa dunia. Mwaka 1991 akapoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996 ndege aliyopanda ilipotekwa na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Wengi mnamsifu kwa ujasiri wake. Mimi namsifu kwa makabati. Alitunza kazi yake tangu ujana, picha kwa picha, na maktaba yake ipo Nairobi, chini ya mwanawe, Salim, na watafiti wanaiendea mpaka leo. Ujasiri bila makabati ungekuwa umekwisha kuzikwa naye.

Tena hamwezi kujua leo kipi kitakuwa na maana kesho. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alikabidhiwa kamera akarekodi shamba lake na familia yake mwaka hadi mwaka, ukame na mafuriko, na siku upepo ulipoivunja nyumba yake. Siku zile nyingi hakukuwa na tukio, ni mtoto, jembe na mawingu. Hizo siku zisizo na tukio ndizo zilizoipa nguvu filamu ya mwaka 2017 iliyotokana na kazi yake. Angefuta kila jioni, pangebaki dhoruba tu, na dhoruba bila maisha yaliyotangulia haimgusi mtu.

Basi fanyeni hivi. Nakala tatu za kila kitu. Mbili ziwe kwenye vyombo tofauti, ya tatu ilale nyumba nyingine kabisa, kwa dada, kwa mjomba, msikitini, parokiani, popote pasipoweza kuungua pamoja na pako. Usifomati kadi mpaka umefungua nakala na kuzitazama kwa macho. Diski iwashwe angalau mara mbili kwa mwaka, na baada ya miaka michache hamisha kila kitu kwenye diski mpya, maana zinakufa bila kuaga. Mkiomba fedha, iwe mfuko wa filamu wa Docubox wa Nairobi au mifuko ya Ulaya, andikeni hifadhi kwenye bajeti kama mnavyoandika nauli na chakula. Mkiulizwa ni ya nini, elezeni bila haya. Na nakala moja ya mahojiano mazima, bila kukatwa, ipelekeni kwa mwenyewe aliyehojiwa, kwenye flashi, na mumwonyeshe mjukuu jinsi ya kuifungua. Mngefanya hili moja tu, binti wa yule mzee asingerudi mikono mitupu.

Mengine nayataja kwa kupita, mnayajua. Nunueni maikrofoni nzuri kabla ya lenzi nzuri. Kibali kitafuteni mapema, Bara na Zanzibar kila upande una bodi yake. Ridhaa ya mtu iandikwe kwa lugha anayoisoma. Msimpe mtu ahadi kwamba filamu itamletea maji au shule. Zipumzisheni hizo droni. Mlipeni dereva kabla ya mtayarishaji. Mkataba usomeni mpaka ukurasa wa mwisho, hasa palipoandikwa nani anamiliki picha ghafi.

Yule kijana simchukii. Alinijia nyumbani akiwa amenyong'onyea, akakaa pale uani bila kugusa chakula. Nimemwambia akatafute wazee wengine wa Mlimba ambao bado wanazungumza, aketi nao, amuulize kila mmoja ule wimbo wa mataruma. Huenda yupo anayeukumbuka. Ameshakwenda mara moja na anajiandaa kurudi, na aliponiaga alikuwa na daftari la kaunta kwapani.

Kwa upande wangu, tangu nistaafu kazi yangu ni hii ya kuhamisha kanda. Sony iliacha kuuza kanda za Betacam, zile za video za vituo vya televisheni, mwaka 2016, na mashine za kuzichezea zinazidi kuadimika, vipuri navyo tunavitoa kwenye mashine zilizokufa. Yangu bado inazunguka. Kwa hiyo mwenye kanda za mzazi wake aliyekuwa mpiga picha, mwenye boksi lililoachwa na kampuni iliyofungwa, mwenye mkanda ambao hajui una nini, asiuache kwenye mvua wala jua. Usijaribu kuucheza nyumbani kama una ukungu, utaukata. Ufunge kwenye gazeti kavu uniletee pamoja na diski tupu na karatasi yenye jina la kila mtu unayemjua aliyemo. Sitoi bili. Naomba tu mje mapema mchana, kabla umeme haujaanza kusumbua, na atakayekuja akae nami mpaka kanda iishe, aandike majina.

Ni mimi mzee wenu wa kamera,
Dar es Salaam