Bati linadata kwa jua, friji imezima

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mabati ya Dar es Salaam, na paneli za sola zinazoweza kukaa juu yake.

Januari, saa saba mchana, transfoma ya mtaa wetu huku Segerea ilizidiwa, umeme ukakatika. Jirani yangu anayeuza samaki wa barafu alipakia ndoo tatu kwenye bajaji, akakimbilia kwa dada yake Kimara kabla hawajaharibika. Huku nyuma bati la nyumba yake likawa linadata kwa jua.

Tunaambiwa umeme sasa upo, na ni kweli. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Lakini umeme huo hauna njia ya kuingia kwangu ila kwa nguzo na transfoma zilezile, katika mtaa ambao kila kiwanja kimeota vyumba vya kupangisha na kila chumba kina feni. Umeme wa sola hauhitaji kusafiri mbali. Unazalishwa juani, unaliwa chini ya paa hilohilo, tena saa zilezile ambazo feni na majokofu yanaugombea.

Wenzangu wa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, wanajua: usipovuka uniti 75 kwa mwezi, bei ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ukizoea kuvuka unahamishiwa kwenye 292. Paneli za kuendesha friji na feni mchana zinaweza kukubakiza kwenye ile ya 100.

Kuna jambo mafundi hawalisemi, nami nililijua nikiwa nimeshalipa. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani, ikiwa inategemea umeme wa gridi tu huzima pale umeme unapokatika, ili fundi aliye nguzoni asipigwe shoti. Ukitaka taa iwake wakati mtaa una giza, nunua na betri. Bila betri utapunguza uniti, ila gizani mtakaa wote.

Kinachotukwamisha ni fedha ya mkupuo. Bodaboda tunachukua kwa mkataba, simu tunalipia kidogokidogo. Kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Basi deni la paneli nalo likatwe humohumo. Na umeme wa ziada wa mchana, sisi tukiwa kazini na nyumba imefungwa, mita iuhesabu, uvuke ukuta uende kwa yule jirani wa samaki, transfoma ipumue.

Msomaji wako,
Segerea, Dar es Salaam