Ratiba ya kisiwa cha Rhodes (Ugiriki), someni kabla ya kulala

Jamani, habari za jioni. Kesho mji wa kale, wenye kuta za wapiganaji Wakristo wa shirika la Mtakatifu Yohane waliotawala kisiwa tangu 1309 hadi Waturuki walipowang'oa 1522. Njia ni za kokoto, kwa hiyo viatu vya visigino viacheni hotelini.

Keshokutwa kijiji cha Lindos. Tutapanda ngomeni mapema kabla jua halijawa kali. Hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, liko juu kabisa. Mchana bonde la Petaloudes. Wale "vipepeo" wake kwa kweli ni nondo, na wanapumzika, basi msipige makofi wala miluzi ili warushwe.

Mnaoniulizia ile sanamu kubwa ya kale ya Rhodes (Colossus): iliangushwa na tetemeko zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Hakuna cha kupiga picha!

Basi linaondoka saa 2 kamili asubuhi. Mama zetu, viti vya mbele nimewawekea.