Bastola ya polisi iliyotumika: mambo ya kukagua, ya kubadilisha na ya kusafisha

Glock 22 iliyochubuka mdomoni hadi chuma cheupe kikaonekana, yenye mpini uliolainika kwa jasho, na inayouzwa kati ya dola 300 na 400, mara nyingi imetoka kiunoni mwa askari polisi wa hapa Marekani. Wateja wengi huigeuza mara moja wakairudisha mezani kwa sababu ya sura yake. Sura hiyo haisemi mengi. Askari huvaa bastola zamu nzima kwa miaka, lakini huifyatua hasa siku za mazoezi na za mtihani wa shabaha. Ala huikwangua nje kila siku, ilhali ndani ya mtutu bado kuna maisha marefu.

Kwa nini ziko nyingi hivi? Baada ya mapambano ya risasi ya Miami mwezi Aprili 1986, ambamo maofisa wawili wa FBI waliuawa, polisi wa Marekani walianza kutafuta risasi yenye nguvu kuliko milimita 9. Mwaka 1990 ikatoka kaliba .40 ya Smith & Wesson, na Glock 22 ya kaliba hiyo ikaenea katika idara za nchi nzima. Miaka ikapita, risasi za milimita 9 zikaboreshwa, na FBI ikarudi huko: mwaka 2016 iliipa Glock mkataba wa bastola za milimita 9. Teke la milimita 9 ni dogo, magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) inabeba risasi zaidi, na askari wengi hulenga vizuri zaidi wakiitumia. Idara nyingine nyingi zilifuata, na bastola zao za .40 zikakabidhiwa kwa wauzaji kama sehemu ya malipo ya silaha mpya. Hizo ndizo unazoziona madukani. Makala hii inazungumzia Glock 22 ya kizazi (yaani toleo) cha tatu na cha nne, kwa kuwa ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi.

Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo wenzetu wengi waliohamia huku wanapokwama. Kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu lazima uwe umefikisha miaka 21, uwe mkazi wa jimbo hilo hilo, ujaze fomu 4473, kisha jina lako lichunguzwe katika rekodi. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua, na kwenye fomu ataandika namba yake ya uhamiaji. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya matembezi au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi. Kuna vighairi vichache, kimojawapo kikiwa leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Kitambulisho kiwe na anwani unayoishi sasa. Ukiwa umehama na leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani, njoo pia na waraka mwingine wa serikali wenye anwani mpya, mathalani usajili wa gari. Majina yanayofanana na ya mtu mwenye kesi huchelewesha majibu. Likikutokea hilo kila unaponunua, omba FBI wakupe namba ya utambulisho iitwayo UPIN, na uiandike kwenye fomu siku nyingine.

Usimnunulie ndugu au rafiki anayekupa pesa zake kwa sababu yeye hawezi kupita uchunguzi huo. Hilo ni kosa la serikali kuu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Majimbo nayo yana masharti yao: Minnesota wanataka kibali kabla hujanunua bastola, na California haikubali magazini ya zaidi ya risasi 10, wakati ya Glock 22 inabeba 15. Na tafadhali, usiweke silaha wala kipande chake kwenye mizigo ya kwenda nyumbani. Kuitoa Marekani kuna sheria zake, na Kenya na Tanzania zina sheria kali za leseni. Hakuna zawadi ya aina hiyo.

Sasa bastola yenyewe. Ukiishika dukani, omba muuzaji akuonyeshe kwanza kuwa haina risasi, kisha hakikisha mwenyewe: magazini nje, slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma) ikiwa imefungwa nyuma, angalia kwa macho ndani ya chemba (nafasi nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kufyatuliwa), halafu ingiza ncha ya kidole. Omba aifungue, na uwe na tochi ndogo.

Angalia kwanza uso wa slaidi unaokaa nyuma ya risasi, pale penye tundu la pini inayogonga risasi. Bastola iliyofyatuliwa mara nyingi sana huwa na vijishimo vya kuungua kuzunguka tundu hilo. Uso ukiwa laini, ni dalili njema. Kisha mulika ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba. Ukiona pete nyeusi inayouzunguka mahali pamoja, huenda mtutu umevimba kwa sababu risasi ilikwama ndani na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake. Iache. Piga jicho reli nne ndogo za chuma zilizoshika fremu (mwili wa chini wenye mpini). Zote ziwepo, zikiwa nzima, bila ufa. Tazama pia pini zinazopita kwenye fremu juu ya kifyatulio, zisiwe zimevunjika wala zinatembea. Ukucha unaovuta ganda la risasi usiwe umebanduka ncha. Namba ya bastola imepigwa kwenye fremu, slaidi na mtutu. Zote tatu zikifanana, vipande vikuu ni vya asili. Tofauti ya namba haimaanishi wizi, ila uliza kwa nini. Nembo au herufi za idara zilizochongwa kwenye slaidi hazina ubaya wowote. Namba hiyo ya bastola ndiyo isiyoguswa kamwe: kuifuta ni jinai.

Vilengeo vya usiku ndivyo vinavyowadanganya wengi. Mwanga wake hutokana na tritiamu, gesi inayopungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushei. Kwa bastola iliyokaa kazini muda mrefu, tazama gizani kabla hujakubali kulipia "vilengeo vya usiku". Kama vimefifia, hesabu gharama ya vipya ndani ya bei unayojadili.

Baada ya kununua, badilisha springi kabla ya jambo lingine lolote. Springi ya mtutu ndiyo inayorudisha slaidi mbele, na katika kaliba .40 huchoka mapema kuliko ya milimita 9, kwa kuwa slaidi hurudi kwa kasi zaidi. Hujui ilifyatuliwa mara ngapi, na bei yake ni ndogo, kwa hiyo weka mpya, kisha hesabu risasi kama 3,000 kabla ya kuibadilisha tena. Kizazi cha tatu kina springi moja. Cha nne kina mbili zilizoshikana. Usinunue ya kizazi kingine, haziingiliani. Kuipima ni rahisi: bastola ikiwa tupu kabisa na umeshahakikisha, elekeza mtutu juu kimshazari upande salama, vuta kifyatulio ukishikilie, rudisha slaidi hadi mwisho, kisha iachie polepole kwa mkono. Ikigoma kujifunga hadi mbele, springi imekwisha.

Springi za magazini nazo ni mpya au hakuna. Glock 22 za kizazi cha tatu zilizofungwa tochi chini ya mtutu zilijulikana kwa kukwama, risasi ikiwa haijafika juu wakati slaidi inarudi mbele, na springi ya magazini yenye nguvu zaidi ilikuwa sehemu ya tiba. Kufungua magazini, bana pande mbili za chini, kisha vuta sahani ya chini ukiwa umeizuia kwa kidole gumba, vinginevyo springi itakurukia usoni. Ndani ya magazini futa kwa kitambaa kikavu. Mafuta humo hukusanya vumbi na yanaweza kupenya hadi kwenye baruti.

Kuhusu usafi, tahadhari moja ni ya uhai. Ili kuifungua Glock, lazima uvute kifyatulio. Ndiyo maana watu hujipiga risasi mezani wakiisafisha: wanatoa magazini, wanasahau ile moja iliyobaki kwenye chemba, kisha wanavuta. Basi risasi zote zibaki chumba kingine. Toa magazini kwanza, halafu rudisha slaidi. Ukianza na slaidi, magazini italisha risasi nyingine. Angalia chemba, ingiza kidole, angalia tena. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ingezuiwa, kisha ndipo uvute kifyatulio.

Halafu rudisha slaidi nyuma kidogo tu, kama milimita 3, ushushe kwa vidole vile vishikio viwili vidogo vilivyo pande mbili za fremu, na usukume slaidi mbele hadi itoke. Ukiivuta mbali zaidi, kifyatulio hujirudisha na slaidi haitoki. Anza upya, kuanzia kuangalia chemba. Kisha sukuma springi mbele kidogo uitoe, utoe na mtutu.

Vaa glavu za mpira na ufanye kazi mahali penye hewa, mbali na meza ya chakula na watoto. Masizi ya risasi yana risasi ile ya metali, sumu inayodhuru hasa ubongo wa mtoto. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji ya baridi.

Mtutu safisha kutoka chemba kuelekea mdomoni: brashi ya shaba ya kaliba .40 iliyoloweshwa dawa ya kusafishia bunduki, mara kumi hivi, subiri dakika kadhaa, kisha vipande vya kitambaa hadi kimoja kitoke safi. Fremu ya plastiki iliyojaa nyuzi za nguo na jasho lililokauka isugue kwa mswaki wa zamani, ukitumia dawa hiyo hiyo kidogo, hasa pembe za nyuma chini ya kirushio cha maganda. Vilengeo vya tritiamu visipuliziwe kisafisha breki, huharibu rangi na gundi yake.

Kutu utaikuta kwenye vilengeo vya chuma, kishikio cha kuzuilia slaidi, na ukucha. Slaidi yenyewe imepikwa kwa kemikali hadi uso wake ukawa mgumu, kwa hiyo hata ikichubuka rangi haishiki kutu kirahisi. Kutu ya juu juu huondoka kwa mafuta na pamba ya chuma laini kabisa, namba 0000, ukisugua taratibu. Usitumie njia hiyo kwenye bastola kongwe za chuma cha buluu, utaondoa rangi pamoja na kutu.

Sehemu chafu kuliko zote ni ile ambayo wengi hawaigusi: mfereji wa pini ndani ya slaidi. Miaka ya mtu kumiminia mafuta kutoka nyuma, pamoja na vumbi la shaba la maganda, hufanya uji mweusi. Pini hupunguza kasi, inagonga kiwashio kwa udhaifu, na risasi hailipuki. Kuufungua: vaa miwani, tumia pancha (kijiti cha chuma cha kusukumia) ya milimita 2.5 kusukuma bomba dogo la plastiki lililo nyuma ya pini kuelekea mdomoni, huku kidole gumba kikizuia kifuniko cha nyuma kinaposhuka. Toa pini na springi yake, halafu kijiti na springi ya ukucha. Ukibonyeza kitufe cha usalama wa pini, ukucha utatoka. Futa mfereji kwa vijiti vya pamba na spiriti hadi vitoke vikavu na vyeupe. Bomba la plastiki lililobanwa ndani ya mfereji usilitoe. Mfereji urudi mkavu, bila hata tone la mafuta. Kama hujawahi kufanya hivi, ipeleke dukani, ni kazi ya robo saa.

Mafuta ya Glock ni machache kuliko watu wanavyodhani. Paka kwa ncha ya kidole mifereji ya slaidi inayopita kwenye reli, nje ya mtutu na juu ya chemba, na dari ya slaidi pale mtutu unaposugua. Kisha tone moja, moja tu, mahali upau wa kifyatulio unapokutana na kiunganishi, pembe ya nyuma kulia ya fremu. Likikosekana tone hilo, kifyatulio huwa kizito na chenye mikwaruzo. Ndani ya chemba pawe pakavu.

Ukirudisha springi, mwisho wake ukae sawasawa kwenye kijinafasi cha nusu mwezi chini ya mtutu, siyo pembeni yake. Kisha jaribu, bado bila risasi. Vuta kifyatulio, endelea kukishikilia, rudisha slaidi, iachie, halafu legeza kidole polepole: utasikia mlio wa kujirudisha. Bonyeza ukingo wa kifyatulio bila kugusa kile kiulimi cha katikati, kisisogee. Weka magazini tupu na urudishe slaidi, ibaki nyuma. Moja ya hayo ikishindikana, bastola isiende uwanjani.

Uwanjani anza na risasi moja kwenye magazini, kisha mbili, ndipo ujaze. Tumia risasi zilizofunikwa shaba. Misokoto ya ndani ya mtutu wa Glock hukusanya mabaki ya risasi za metali laini zisizofunikwa shaba, na msukumo ndani yake unaweza kupanda vibaya. Risasi 50 bila kukwama zinatosha kuonyesha springi zimekaa vizuri, kisha jaribu angalau magazini moja ya zile utakazoweka nyumbani.

Swali moja huulizwa mara nyingi: je, inaweza kupiga milimita 9, ambayo ni rahisi kununua? Kwa mtutu wake wa .40, hapana, kamwe. Kuna mitutu ya kubadilishia yenye kuta nene, ambayo hufanya kazi pamoja na magazini za Glock 17, na ni vyema kubadilisha kirushio pia. Kwa mazoezi inafaa. Kwa ulinzi wa nyumbani iache kama ilivyotoka kiwandani, ndani ya sanduku lenye kufuli, na watoto wasijue ufunguo ulipo.